Mgawanyiko wa viini katika kuvu za nyuzi na protini zinazouendesha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umekusanya maswali yanayorudiwarudiwa na wanafunzi wa biolojia, walimu na mafundi sanifu wa maabara mkoani Tanga. Swali lenye jibu tayari kwingine limeelekezwa huko.

## Mambo ya mwanzo

Kuvu za nyuzi ni zipi, na viini vyake vina ugeni gani?

Ni kuvu zinazokua kama nyuzi ndefu, haifa, zinazorefuka kwa ncha na kutoa matawi: ukungu wa mkate, koga ya mbata iliyoanikwa kabla haijakauka, ukungu mweusi wa kitunguu. Hamira ni kuvu pia, lakini si ya nyuzi. Yenyewe ni seli mojamoja.

Ugeni uko hapa. Seli ya jani au ya ini kwa kawaida ina kiini kimoja, na kiini kikigawanyika, seli nayo hugawanyika. Uzi wa kuvu hauendi hivyo. Viini vingi huishi katika saitoplazimu moja, kama wapangaji wa nyumba ya Kiswahili wanaotumia ua mmoja. Viambaza vinavyokata uzi vina tundu katikati, hivyo vitu hupita huku na huko. Ndiyo maana swali la kuvu si "seli inagawanyika lini?" tu. Ni "kiini hiki kinajuaje zamu yake, na jirani yake je?"

Kwa nini vitabu vinamtaja Aspergillus nidulans tu, wakati Tanga tunahangaika na kuvu nyingine?

Kwa sababu anafugika kirahisi na jenetiki yake imefanyiwa kazi kwa miongo mingi. Ana kromosomu 8, spora yake ya konidia ina kiini kimoja tu, na kiini hicho kinasubiri katika hatua ya G1, kabla DNA haijaanza kunakiliwa. Ukimwotesha, spora zote zinaanzia mstari mmoja. Anaota vizuri kuanzia nyuzijoto 25 hivi hadi 42, na upana huo wa joto ndio uliofungua mlango wa ugunduzi karibu wote ulioelezwa hapa chini.

Ndugu zake ndio tunaokutana nao kila siku: Aspergillus niger, anayeozesha shina la mkonge akiingilia kwenye vidonda vya majani yaliyokatwa, na Aspergillus flavus wa mahindi, karanga na mbata, anayetoa sumukuvu ya aflatoksini. Mitambo ya msingi ya kugawa viini ni ileile. Kinachobadilika ni ratiba na idadi ya viini.

Mzunguko mmoja huchukua muda gani?

Kwa A. nidulans kwenye chakula chenye virutubisho vya kutosha, nyuzijoto 37, ni kama dakika 100: G1 dakika 15, S (kunakili DNA) dakika 40, G2 (baada ya kunakili, kabla ya kugawanyika) dakika 40, na mitosisi yenyewe, yaani kugawanyika kwa kiini, dakika 5. Dakika hizo 5 zishike vizuri. Ndizo zinazofanya wanafunzi waangalie slaidi nzima wakaapa kwamba mitosisi haipo. Hesabu yake iko kwenye swali la kuhesabu viini.

Majina nim, bim, nud na sep yametoka wapi?

Ron Morris, nchini Marekani, alichapisha mwaka 1976 kundi la mutanti (aina zenye jeni iliyobadilika) za A. nidulans zinazokua vizuri kwenye joto la chini na kukwama kwenye joto la juu. Akazipa majina kwa kile kilichoonekana chini ya hadubini. Za nim haziingii mitosisi kamwe, za bim zinakwama zikiwa ndani ya mitosisi, za nud viini vyake vinagawanyika lakini havisambai kwenye uzi, na za sep hazijengi viambaza. Herufi inayofuata hutaja jeni: nimA, bimE, nudF. Jina la jeni huanza kwa herufi ndogo na la protini huandikwa kwa herufi kubwa, kwa hiyo jeni nimA hutoa protini NIMA. Ukichanganya hapo, mtahini hatakusamehe.

## Protini zenyewe

NIMA ni nini hasa?

Ni kinasi, yaani kimeng'enya kinachobandika fosfati kwenye protini nyingine. Ina asidi amino 699. Sehemu ya mwanzo ndiyo inayofanya kazi ya kubandika, na mkia wake una alama zinazoifanya iharibiwe upesi muda wake ukiisha.

Ushahidi wake umekaa pande mbili, na ndiyo raha yake. Upande wa kwanza, iondoe: mutanti ya nimA5 ikioteshwa kwenye nyuzijoto 42, spora inatoa mrija mrefu wenye kiini kimoja tu. DNA imenakiliwa, kila kitu kiko tayari, lakini kiini kimesimama G2 kama dau lililosubiri maji yajae. Upande wa pili, izidishe: weka nimA chini ya swichi inayowashwa kwa ethanoli, na kromosomu zitajikunja hata pale ambapo DNA haijamaliza kunakiliwa. Protini inayozuia kitu ikikosekana, na kukilazimisha ikizidi, hiyo si mpita njia.

Mojawapo ya kazi zake zinazojulikana ni kuweka fosfati kwenye histoni H3 (protini ambayo DNA huizunguka), kwenye asidi amino serini ya 10, alama inayoandamana na kujikunja kwa kromosomu.

Kama kuna Cdk1, NIMA ya nini tena?

Hili ndilo swali linalorudi kuliko yote, kwa sababu vitabu vya sekondari husimulia kana kwamba Cdk1, kinasi inayosukuma seli iingie mitosisi, na mshirika wake saiklini B ndio mwanzo na mwisho.

Katika A. nidulans, Cdk1 hutolewa na jeni nimX, saiklini B na nimE, na fosfatasi inayoondoa breki ya Cdk1 (Cdc25) na nimT. Breki yenyewe, kinasi ya aina ya Wee1, hutolewa na ankA. Mutanti za nimX, nimE na nimT zote hukwama, kwa hiyo Cdk1 ni lazima. Hapo hakuna ubishi.

Lakini angalia seli za nimA5 zilizokwama kwenye nyuzijoto 42. Ukipima utendaji wa Cdk1 ndani yake, uko juu! Cdk1 imewashwa, na bado kiini hakiingii mitosisi. Basi si kwamba NIMA inaiwasha Cdk1 na kuondoka. Ni kufuli mbili kwenye mlango mmoja, na kila moja ina ufunguo wake. Kwa upande mwingine, Cdk1 huongeza fosfati kwenye NIMA na kuifikisha kwenye nguvu yake kamili, na NIMA husaidia saiklini B ifike ndani ya kiini. Wanategemeana, ila hakuna anayeshika nafasi ya mwenzake.

Mwanafunzi anayechora mshale mmoja kutoka Cdk1 kwenda NIMA kwenda mitosisi amepata nusu. Chora mishale miwili inayoingia mitosisi kila mmoja kwa njia yake, kisha unganisha kinasi hizo mbili kwa mishale inayokwenda na kurudi.

Utando wa kiini hufunguka au hubaki umefungwa?

Nusu kwa nusu. Katika seli zetu utando huvunjika wote. Katika hamira hubaki mzima na spindeli, yaani mtambo wa vijirija unaotenganisha kromosomu, hujengwa ndani. A. nidulans yuko katikati: utando unabaki, lakini vitundu vyake vinapoteza protini nyingi, zaidi ya kumi, ambazo hutawanyika kwenye saitoplazimu wakati wa mitosisi na kurudi baadaye. Kiunzi cha kila kitundu hubaki mahali pake.

Faida yake inaonekana ukiitia tubulini, protini inayojenga spindeli, rangi ya kijani inayong'aa. Kabla ya mitosisi, kiini ni doa jeusi ndani ya uzi wa kijani, maana tubulini imezuiwa nje. Ghafla doa linajaa kijani, spindeli inajengwa, na dakika chache baadaye yanabaki madoa mawili meusi. Milango imefunguliwa na kufungwa tena.

NIMA iko hapo hapo. Watafiti walipotafuta jeni zinazoweza kuiokoa mutanti ya nimA, walipata sonA na sonB, na zote ni protini za vitundu vya utando wa kiini.

Ni nini humaliza mitosisi?

Uharibifu. NIMA na saiklini B lazima zivunjwe. Jeni bimE na bimA hutoa sehemu za mtambo mkubwa (APC) unaobandika alama ya "vunja" kwenye protini zilizomaliza kazi. Fosfati zilizobandikwa nazo lazima zibanduliwe, na hapo huingia bimG, fosfatasi ya aina ya 1. NIMA isiyoharibika, kwa mfano iliyokatwa mkia, huzuia seli kutoka.

Spindeli inajengwa na nini?

Tubulini alfa na beta hujenga vijirija vyake. Tubulini gama huanzisha vijirija hivyo kwenye ncha za spindeli. Hiyo ya gama iligunduliwa kwa mara ya kwanza katika A. nidulans, kupitia jeni mipA, na ikatangazwa mwaka 1989. Baadaye ikaonekana kwa wanyama na mimea pia. Protini ya bimC ni injini inayosukuma ncha mbili zitengane. Ikikosekana, ncha hazitengani na kiini hakigawanyiki.

Je, binadamu anazo?

Anazo jamaa za NIMA, ziitwazo Nek, kuanzia Nek1 hadi Nek11. Si zote zinazohusika na mitosisi. Kadhalika nudF ya kuvu ni jamaa ya LIS1, ambayo hitilafu yake kwa mtoto husababisha ubongo kukosa mikunjo, kwa kuwa seli za neva hazikusafiri zilikotakiwa.

## Maabarani

Ninaonaje viini kama sina hadubini ya fluoresensi?

Kwa rangi ya Giemsa, ileile ya malaria iliyo kwenye kila maabara ya zahanati. Tatizo lake kwa kuvu ni kwamba saitoplazimu ya uzi imejaa RNA, na RNA hupokea rangi kama DNA. Ukipaka moja kwa moja, uzi wote utakuwa zambarau, kama mchuzi uliozidi bizari. Lazima RNA iondolewe kwanza.

Otesha kuvu juu ya vioo vya kufunikia vilivyolazwa kwenye sahani ya petri yenye mililita 10 za chakula cha maji, spora 100,000 hadi 1,000,000 kwa kila mililita. Kwenye nyuzijoto 37 subiri saa 6 hadi 8, uzi uwe na viini 4 hadi 8. Toa kioo kwa koleo, kiweke kwenye kihifadhi cha ethanoli sehemu 3 na asidi asetiki sehemu 1 kwa dakika 10 hadi 20. Kisuuze. Kitie kwenye asidi hidrokloriki ya molari 1 iliyokwisha kufika nyuzijoto 60, dakika 6 hadi 10. Suuza vizuri kwa maji, halafu kwa bafa ya fosfati ya pH 6.8 hadi 7.2. Sasa weka Giemsa iliyochanganywa na bafa hiyohiyo kwa kiwango cha asilimia 5 hadi 10, dakika 15 na kuendelea. Angalia kwa lenzi ya 100 yenye mafuta.

Viini ni vidogo, kipenyo chake kama mikromita 2 hadi 3. Usitarajie kuhesabu kromosomu. Utaona kiini cha kawaida kama duara lenye sehemu iliyopauka (nukleoli), na kiini cha mitosisi kama kidoa kilichokolea na kujibana, au vidoa viwili vilivyokaribiana.

Hitilafu ya kawaida: asidi haijapata moto. Ukiweka asidi baridi kwenye beseni la maji la nyuzijoto 60 na kuanza kuhesabu dakika papo hapo, nusu ya muda inaishia kwenye kupasha. Ikizidi nayo, DNA huliwa na viini hupauka. Fanya vioo vitatu vya dakika 6, 8 na 10, kisha shika muda uliokubali.

Na kama ninayo ya fluoresensi?

Tumia DAPI, rangi inayong'aa bluu ikishika DNA. Hifadhi kwa fomaldehidi ya asilimia 3.7 ndani ya bafa ya fosfati kwa dakika 20 hadi 30, suuza, weka DAPI mikrogramu 0.1 hadi 1 kwa mililita kwa dakika 5 hadi 10, suuza tena. Mandhari yote yaking'aa bluu, umeweka rangi nyingi au hukusuuza. Vaa glavu, kwa kuwa DAPI hushika DNA yako vilevile. Fomaldehidi ifanyie kazi penye hewa.

Mutanti yangu ya joto haikwami. Nimekosea wapi?

Mara nyingi kosa liko kwenye joto, si kwenye mutanti. Maelekezo mengi yameandikwa na watu ambao "joto la chumba" kwao ni nyuzijoto 22. Tanga wakati wa kaskazi chumba kisicho na kiyoyozi hufika 31 au 32 mchana, halafu hushuka usiku. Kwa nimA5 si hasara, maana joto lake salama ni 32. Lakini usiliite joto la chumba ukaacha sahani juu ya meza usiku kucha. Andika namba uliyopima kwa kipimajoto kilichozamishwa kwenye maji ya beseni, si ile inayosomeka kwenye kioo cha inkubeta.

Upande wa juu, 42 ni 42. Kwenye 39 au 40 baadhi ya viini hupenya na picha inavurugika. Ikipita 44, hata kuvu ya kawaida inapata mshtuko wa joto na hutajua kilichosimamisha nini. Daima otesha aina ya kawaida kando yake, joto lilelile. Ikikwama nayo, beseni ndilo tatizo.

Kwa jaribio la kuzuia na kuachia: otesha kwenye 32 mpaka miche (spora zilizokwisha kutoa mrija) itokee, hamishia 42 kwa saa 2 hadi 3, kisha rudisha 32 na uchukue sampuli kila dakika 2 au 3. Wimbi la mitosisi huja ndani ya dakika 5 hadi 10 za mwanzo, kwa hiyo aliyekwenda kutafuta kalamu amekosa tukio. Chupa nene yenye mililita 200 haitapoa kwa wakati. Tumia ujazo mdogo kwenye chupa nyembamba, izungushe kwenye maji ya barafu huku kipimajoto kiko ndani, na uitoe ikisoma 32.

Umeme ukikatika katikati ya saa za 42, jaribio limekwisha. Kushuka kwa joto ni kuachia. Usilipashe tena na kuendelea kana kwamba hakikutokea kitu.

Nahesabuje?

Hesabu miche iliyo kwenye mitosisi kati ya miche 100 hadi 200. Kwa kuwa mitosisi ni dakika 5 kati ya 100, kuvu ya kawaida ambayo mizunguko yake haijapangwa ianze pamoja itakupa kama 5 katika 100. Mutanti ya nim itashuka kuelekea 0, na ya bim itapanda sana.

Usihesabu viini kimojakimoja ukavifanya ndivyo idadi ya vipimo vyako. Viini vya mche mmoja wa A. nidulans huingia mitosisi karibu pamoja, hivyo viini 8 vya mche mmoja ni jibu moja, si majibu 8.

Swichi ya ethanoli inatumikaje?

Ni kidhibiti cha jeni alcA. Glukosi huizima, ethanoli au threonini huiwasha, na gliseroli haiizimi wala kuiwasha kwa nguvu. Otesha kwenye gliseroli kisha ongeza ethanoli ifike milimola 100 kwa lita, yaani kama mililita 5.8 za ethanoli safi kwa lita. Kosa linalojulikana ni mabaki ya glukosi kutoka chakula cha kwanza. Hata kidogo huchelewesha kuwaka, kwa hiyo chuja na suuza kabla ya kuhamisha.

## Mambo ya pembeni

Je, viini vyote vya uzi mmoja hugawanyika kwa pamoja?

Inategemea kuvu. Kwa A. nidulans mitosisi hupita kwenye chumba cha ncha kama wimbi: viini vya upande mmoja huanza na vya jirani hufuata. Viini vilivyo nyuma ya viambaza, mbali na ncha, kwa kawaida vimepumzika. Kiambaza cha kwanza chenyewe hakijengwi mpaka mche umepitia mitosisi kama tatu.

Fusarium oxysporum, kundi lenye kuvu ya mnyauko wa migomba, kwa kawaida huwa na kiini kimoja kwa kila chumba, na ni kile cha ncha kinachogawanyika. Neurospora crassa ana viini vingi visivyofuata zamu.

Anayeshangaza zaidi ni Ashbya gossypii, kuvu ya pamba inayotumika viwandani kutengeneza vitamini B2. Viini vyake vinakaa mikromita chache tu kutoka kimoja hadi kingine, saitoplazimu ileile, na bado kila kimoja kina saa yake. Protini iitwayo Whi3 hukusanya RNA ya saiklini ya G1 katika vijibonge karibu na viini, kwa hiyo saiklini haisambai sawasawa. Whi3 ikiondolewa, viini huanza kwenda pamoja zaidi. Saitoplazimu kuwa moja hakumaanishi habari zote zinafika kila mahali.

Dawa za ukungu za benomili na kabendazimu zinahusikaje?

Zinashika tubulini beta ya kuvu, vijirija havijengeki, na spindeli haisimami. Benomili hugeuka kuwa kabendazimu, ambayo ndiyo inayofanya kazi. Kuvu hukwama kwenye mitosisi kwa muda, si milele. Kituo cha ukaguzi, yaani ulinzi unaokishikilia kiini mpaka spindeli isimame, huchoka, kiini hutoka bila kugawanyika kikiwa na kromosomu maradufu au pungufu.

Usugu huja haraka kwa sababu badiliko moja la asidi amino linatosha. Jeni benA ya A. nidulans ilitambuliwa kwa njia hiyo hasa, kupitia mutanti zilizostahimili benomili. Katika kuvu za mashambani mabadiliko yanayojirudia yako nafasi ya 198 na 200 ya tubulini beta. Kuongeza dozi hakusaidii hapo, na kuhama kutoka benomili kwenda kabendazimu si kubadilisha dawa. Badilisha kundi.

Naweza kutumia ukungu niliouchukua kwenye mbata au mahindi badala ya kuagiza A. nidulans?

Kwa kujifunza kupaka rangi, tumia ule mweusi wa kitunguu. Ule wa kijani manjano usiuguse kwa mazoezi ya darasani. Huenda ni A. flavus, na spora zake pamoja na sumukuvu si vitu vya kupuliziana kwenye chumba chenye wanafunzi arobaini na feni juu.

Kwa kutafuta mutanti A. flavus ana kikwazo kingine: konidia zake mara nyingi zina viini zaidi ya kimoja. Ukibadilisha jeni katika kiini kimoja, jirani yake mzima humfichia kasoro, na sahani yako itaonyesha kuvu zenye afya tupu. Inabidi kuotesha kutoka spora mojamoja kwa vizazi kadhaa mpaka viini vyote viwe vya aina moja.